Siku Lango Lilipofungwa Mapema

Kituo cha uvuvi kilikuwa kimezoea kuwa na Bwana Samaki. Ndivyo watu wa mto walivyomwita kila ofisa aliyekalia kile kiti, awe mpole au mkali. Siku alipoletwa mwanamke walifikiri kidogo, kisha wakamwita Bibi Samaki, na mume wake, fundi wa mafriji mwenye karakana nyuma ya soko, akajikuta anaitwa Bwana wa Bibi Samaki. Hakuchukia. Alisema bora hilo kuliko jina la utani alilokuwa nalo shuleni, ambalo hata mkewe hakuwahi kuambiwa.

Kazi iliyomleta Bibi Samaki pale ilikuwa moja: kapi. Hawa ni samaki wa kuletwa, wanene, wenye magamba makubwa kama vifungo vya koti na midomo ya kunyonya. Walikuwa wakifugwa kwenye mabwawa huko juu ya mto, na hakuna aliyewajali mpaka mwaka wa mafuriko, kingo za mabwawa zilipobomoka na wote wakaingia mtoni. Kapi anachimbua tope kama nguruwe, anang'oa majani ya majini, anafyonza mayai ya samaki wenzake, na anakopita anaacha maji yamevurugika kama chai ya maziwa.

Aliyeumia zaidi alikuwa mnyapara. Huyo ndiye mwenyeji wa mto ule: mrefu, mwembamba, mwenye taya refu na meno yanayochomoza hata akifunga mdomo. Wavuvi wa zamani walimpa jina hilo kwa sababu akipita, samaki wengine wote hujipanga. Angeweza kuwala kapi wachanga na kuwapunguza, lakini mnyapara huwinda kwa macho, na ndani ya tope alikuwa kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni. Alikonda, akapungua, na kadiri alivyopungua ndivyo kapi walivyozidi kujaa.

Bibi Samaki alifanya kazi ile kwa miaka, miguu yake ikiwa majini zaidi ya nchi kavu, hadi akaona jambo ambalo lingeweza kusaidia. Mvua za kwanza zikianza, wanyapara hupanda kwenda kutaga kwenye mkono mdogo wa mto wenye changarawe safi. Kapi nao hupanda huko huko, ila wengi wao huchelewa, wakingoja maji yapate joto. Kati ya hao na hao pana nafasi. Ikiwekwa lango la vyuma mdomoni mwa ule mkono, likaachwa wazi mpaka wanyapara wapite, kisha likafungwa, kapi watabaki chini wakivuliwa kwa nyavu, na wanyapara watataga kwa amani. Mtihani ulikuwa kujua lini kufunga. Kwa hiyo kila asubuhi wavu wa kupimia ulitupwa chini ya lango. Ukileta mnyapara hata mmoja mwenye mayai, lango halifungwi. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe, akaitetea mbele ya wakubwa wa idara hadi sauti ikamkauka.

Mtu wa kulifungua na kulifunga lango alikuwa baba mkwe wake.

Si yeye aliyempa kazi hiyo. Kamati ya wavuvi ndiyo iliyomchagua. Mzee alikuwa dereva wa katapila maisha yake yote, na alipofiwa na mkewe akahamia kwa mwanawe, akawa mtu wa kukaa mlangoni na kutoa maoni juu ya kila anayepita. Lango lilimrudishia ujana. Alipewa koti la mvua la manjano, akawa analivaa hata jua likiwaka, na akienda dukani kununua wembe hulitupia kwanza begani. Alikuwa na maneno mengi, mbishi, na kwenye drafti alikuwa mwizi wa kete asiyeona haya. Kwa mkwewe alikuwa na utaratibu wake.

"Nyumbani wewe ni mwanangu," alimwambia. "Langoni wewe ni mkuu. Tusichanganye, tutagombana."

Na kweli, hata simu akiipiga kutoka langoni, humwita mkuu.

Asubuhi ya siku ile Bibi Samaki alikuwa chumbani akipiga pasi gauni. Mkurugenzi wa idara alikuwa njiani na wafadhili, na watu wa televisheni pamoja na kamera zao. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaahidi. Alikuwa amewaambia watakuja kuona lango likiwa limefungwa na kapi wakirundikana mbele ya vyuma, waamini kwa macho yao. Wiki nzima alikuwa akiomba kimoyomoyo wanyapara wamalize kupita kabla ya siku hiyo.

Simu ikalia. Ni mzee aliyekuwa akipiga.

"Mkuu, wavu umetoa wanyapara. Majike, na matumbo yamejaa. Bado wanapita."

Bibi Samaki aliinua pasi, akaishika hewani. "Na kapi?"

"Kapi wapo. Mwaka huu wamewahi. Wameanza kusongamana hapa chini."

Nje, dereva wa kituo alipiga honi. Bibi Samaki aliutazama mlango, kisha gauni.

"Funga, baba."

"Nifunge?"

"Funga. Wageni wakiondoka tutafungua, hao wengine watapita. Ni muda mfupi tu. Lakini usifungue mpaka nikuambie mimi."

"Mkuu, kanuni inasema..."

"Kanuni niliiandika mimi, baba."

Mzee akasema, "Haya," na simu ikakatika.

Ile shughuli ilifana kuliko alivyotarajia. Kapi walikuwa wamejaa mbele ya vyuma, migongo yao ikitoka juu ya maji, wakirushiana matope, na kila walipogonga vyuma wafadhili walirudi nyuma wakicheka kama watoto. Wavuvi walivuta nyavu, wakajaza mtumbwi hadi ukaelemea. Mzee alisimama kando ya gurudumu la lango katika koti lake la manjano, mikono nyuma. Mpiga picha alimwomba atabasamu, naye akajaribu. Bibi Samaki aliongea vizuri. Alieleza juu ya mnyapara, mlinzi wa mto, na namna lango linavyompa nafasi. Alipokuwa akisema hayo aliona mgongo mmoja mrefu, mweusi, ukipita katikati ya kapi na kugonga chuma. Akaendelea kuongea.

Wageni hawakuondoka mapema. Mkurugenzi alitaka wote waende mjini, kwenye ukumbi wa hoteli, wakale na kuzungumza juu ya kupeleka mradi kwenye mito mingine. Bibi Samaki alijiambia kwamba atapiga simu akiwa garini, lakini garini aliketishwa katikati ya wafadhili wawili, na angesemaje mbele yao? Fungua lango nililowaonyesha? Akajiambia atapiga wakifika. Walipofika, akawekwa meza ya mbele.

Mzee alipiga wakati mkurugenzi anaanza kumsifu. Simu ilikuwa juu ya meza, imezimwa sauti, ikatetemeka kando ya glasi. Bibi Samaki aliliona jina. Mkurugenzi alikuwa akisema kwamba idara ingekuwa na watu wengine kama huyu dada, mito yote ingekuwa imepona, na watu walikuwa wameanza kumgeukia. Simu ikanyamaza, ikatetemeka tena. Aliigeuza kifudifudi. Ikatetemeka tena, ikisogea kidogo kidogo kwenye kitambaa cha meza, na yeye akaweka kiganja juu yake huku akitabasamu kuwashukuru waliokuwa wanapiga makofi.

Alimpigia mzee alipotoka, jua likiwa limeshalala upande.

"Fungua, baba."

"Nimeshafungua," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliona wameanza kugeuka matumbo juu. Nikafungua bila ruhusa yako. Kapi nao wamepita, siwezi kukudanganya. Njoo uone."

Maji ya chini ya lango yalikuwa yamepungukiwa hewa. Msongamano wa kapi, joto la mchana na matope yaliyochimbuliwa vilikuwa vimewakaba wanyapara, ambao hawakuzoea maji mazito. Kapi huvumilia, hata kwenye ndoo ya tope anaishi. Wanyapara walikuwa wamebanwa kwenye vyuma, midomo wazi, mayai yakiwatoka. Wavuvi walikuwa wakiwatoa mmoja mmoja na kuwalaza kwenye nyasi. Mama Mwenyekiti, aliyekuwa kiongozi wa wavuvi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, alikuwa amechuchumaa kando ya jike mmoja, akimfunika macho kwa mkono kana kwamba ni mtu.

Bibi Samaki alisimama pale na gauni lake la pasi. Mzee hakumwangalia.

Usiku haujaingia, picha zilikuwa kwenye simu za watu wote. Asubuhi mkurugenzi akapiga, na sauti yake haikuwa ile ya jana.

"Nani aliyefunga lango wakati wanyapara bado wanapita?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Baadaye alikuja kukumbuka kwamba hakuna aliyemlazimisha, na kwamba hata hakufikiri. Ulimi ulimtangulia.

"Msimamizi wa lango ndiye aliyefunga."

"Na aliyefungua kapi wakapita?"

"Ni yeye pia."

Kila neno lilikuwa kweli.

"Huyo mzee si baba mkwe wako?" mkurugenzi aliuliza, na aliposikia kuwa ndiye, akapumua kwa nguvu. "Pole sana. Najua ni vigumu kwako. Lakini lazima aondoke, dada. Leo hii."

Mzee alirudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Koti hakuwa nalo, lilikuwa mali ya kituo. Alibeba viatu vyake vya mpira kwenye mfuko wa plastiki, akaviweka nyuma ya mlango, akaingia chumbani kwake na kufungua redio. Bibi Samaki, aliyekuwa amejifanya anaumwa kichwa ili asiende kazini, aliisikia ile redio ikitangaza mpira, na hakusikia mzee akimtukana refa hata mara moja.

Zikafuata siku mbaya kuliko zote katika maisha yake. Asubuhi aliamka kabla ya watu ili asikutane na mzee koridoni, na alikutana naye koridoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Zamani mzee angeongeza maneno: umelalaje mwanangu, mbona macho mekundu, huyo mume wako anakoroma kama jenereta, nimsemee? Sasa lilikuwa neno moja, na hakulitoa kwa hasira. Alilitoa kama mtu anayelipa nauli. Bibi Samaki alitamani amkaripie. Alijua kwa nini mzee hakusema: akisema, anamharibia mwanawe nyumba. Na alijua pia, ingawa alilikimbiza wazo hilo kila lilipomjia, kwamba alikuwa ametegemea hivyo hivyo. Alikuwa amejificha nyuma ya heshima ya mzee kama mtu anayejificha mvua chini ya kibaraza cha jirani.

Mtaani wakampa mzee jina. Wacheza drafti, wale wale aliowaibia kete miaka yote, walimwita Mchinja Majike. Alienda mara moja, akarudi upesi, akasema jua ni kali.

Ofisini watu walimpa Bibi Samaki pole. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Katibu muhtasi alimletea chai mezani na kumwambia, "Wakwe hawa! Unawabeba, wanakuangusha." Aliinywa ile chai. Akaimalizia.

Jumapili jioni walikuwa mezani, yeye, mume wake na mzee. Binti yao mdogo alikuwa ameshakula na kukimbilia kwa jirani. Mume alikuwa ametoka karakana na hasira zake. Mteja mmoja alikuwa amemtania juu ya samaki. Alisukuma sahani.

"Baba, mimi nimenyamaza, lakini leo niseme. Umemwaibisha mke wangu. Kazi ameihangaikia miaka yote hii, wewe umekuja kuiharibu kwa siku moja. Kama macho hayaoni tena, si ungesema? Kuna ubaya gani mtu mzima kusema siwezi?"

Mzee alikuwa ameshika kijiko. Alikiweka chini taratibu.

"Nilikosea," alisema.

"Kukosea ndiyo neno gani? Wavu unakuletea majike wana mayai, wewe unafunga! Hata mtoto anaijua kanuni hiyo. Mwangalie, amekonda. Hata hali."

Bibi Samaki alikuwa akitazama chumvi. Alihisi masikio yanawaka. Sema, alijiambia. Sema sasa hivi. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Basi, mume wangu, yaishe."

Yaishe! Kama vile yeye ndiye mwenye kusamehe.

Mzee alimgeukia, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Hakumtazama kwa muda mrefu. "Nisamehe, mwanangu, kwa kukuaibisha," alisema, akainuka, akanawa mikono na kutoka.

Bibi Samaki alibaki na tonge mkononi. Mume alikuwa akiendelea kusema kitu, hakumsikia. Alikwenda bafuni, akafungua bomba mpaka mwisho, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kujiziba mdomo kwa taulo.

Kesho yake alimkuta mzee uani, akivisugua vile viatu vya mpira ambavyo hakuwa na pa kuvivaa. Alipiga magoti kwenye saruji.

"Baba, naomba unisamehe. Nilifanya mimi. Wewe ulifunga kwa amri yangu, ulipiga simu nikaiona, sikupokea. Nimekuacha uchukue lawama. Nimekukosea, baba."

Mzee aliendelea kusugua soli.

"Siku ya kwanza nilisema utasema," alisema. "Nikaiambia hata hii redio yangu, huyu mtoto atasema, mpe muda. Ya pili nikasema labda anangoja mkurugenzi apoe. Sasa hivi nimechoka kukutungia sababu." Alikiweka kiatu kimoja chini, akachukua cha pili. "Usidhani mimi ni malaika. Nina hasira na wewe hadi nashindwa kulala. Jana nilipokuomba msamaha nilikuwa nakupiga, na nilijua nakupiga."

"Ilinifikia, baba."

"Vizuri. Sasa inuka, saruji itakuumiza magoti. Hukunivunjia heshima uani, mwanangu. Usije kuniomba msamaha uani."

Alianza na mume wake, kwa sababu ndiye aliyemwogopa zaidi. Alimkuta karakana, amelala chini kichwa kikiwa nyuma ya friji la mteja. Alimwambia akiwa amesimama, haraka, kabla ujasiri haujamtoka. Mume hakutoka nyuma ya friji upesi. Alipotoka, uso wake ulikuwa umesawijika.

"Rudia ile sehemu ya simu."

Alirudia.

"Yaani jana," alisema mume, "mimi nikiwa namgombeza baba yangu mzazi, wewe ulikuwa umekaa pale unajua."

"Nilikuwa nimekaa."

"Ukaniacha."

"Nilikuacha."

Alifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, akaifuta tena, ikawa michafu zaidi. Akasema, "Nenda, tafadhali. Nenda kwanza," na akarudi nyuma ya friji. Bibi Samaki alimsikia pale nyuma akigonga chuma kwa spana, bila kufungua kitu chochote.

Mkurugenzi naye alimsikiliza kwenye simu mpaka mwisho. Kisha akashusha sauti.

"Dada, jambo hili limeshakwisha. Mzee ameondoka, watu wametulia. Ukilifufua, wafadhili watauliza nani alipanga ile siku, na nani alitaka kamera. Wanaweza kukimbia. Huo mradi utakufa, na mnyapara wako atakufa nao. Fikiria mto."

Alifikiria mto. Maneno yale yalikuwa mazuri, yamenyooka, yana faida, na kwa muda mfupi aliona jinsi ambavyo angeweza kuyavaa na kuishi ndani yake hadi kustaafu. Aibu aliyoihisi hapo ilikuwa mpya: kwamba yalimvutia.

"Naenda kuwaambia wavuvi," alisema.

"Basi mimi na wewe hatujaongea," mkurugenzi akasema, akakata.

Mkutano wa wavuvi ulifanyika ofisini kwao, chumba kimoja cha matofali chenye harufu ya nyavu mbichi, viti vya plastiki na waliochelewa wakisimama dirishani. Mzee alikuwa amekuja, amekaa karibu na ukuta na kofia magotini. Mume wake alisimama mlangoni. Hakuwa ameongea naye tangu karakana, lakini alikuja.

Bibi Samaki alianza vibaya. Alizoea kuongea mbele za watu, na mazoea yakamponza. Alieleza juu ya joto la maji na kuwahi kwa kapi mwaka huu, akaeleza juu ya hewa ndani ya maji na kiwango ambacho samaki wa jamii ile hawawezi kukivuka. Watu wakaanza kupepesa macho.

"Bibi Samaki," Mama Mwenyekiti alimkatiza, "tumetoka kuzika majike wetu kama ndugu. Sema ulichojia."

Akakijia.

"Mzee alinipigia asubuhi akaniambia wanyapara bado wanapita. Mimi nikamwambia afunge, ili wageni waone. Alinikumbusha kanuni, nikamjibu vibaya. Nikamkataza kufungua bila amri yangu, nikaenda mjini kula na kusifiwa. Wanyapara wamekufa kwa sababu yangu. Mkurugenzi aliponiuliza, nikamtaja yeye. Sikusema uongo, nilisema ukweli nusu, na nusu ya pili nikaificha, na mzee akafukuzwa kazi nikiwa natazama."

Dirishani mtu mmoja alicheka, kicheko kifupi cha puani, akanyamaza. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Mzee alikupigia tena mchana?" Mama Mwenyekiti aliuliza.

"Alinipigia."

"Hukuwa na simu karibu."

Lilikuwa limesemwa kwa upole, kama mtu anayekushikia mlango utoke. Bibi Samaki alitikisa kichwa.

"Ilikuwa mezani. Niliiona. Niliigeuza."

Mama Mwenyekiti alimtazama, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. "Ningependa usingeniambia hilo," alisema.

Mvuvi mmoja kijana akasimama, akasema huyu aondoke kituoni. Mwingine akasema akiondoka yeye wataletewa mwingine asiyemjua mnyapara wala kapi. Wakabishana juu yake kana kwamba hayupo. Alisimama hapo mbele, mikono ikiwa imening'inia, bila mahali pa kuiweka. Mwishowe mmoja wa wacheza drafti aligeuka kwa mzee.

"Na wewe muda wote tunakuita majina, unatukalia kimya tu?"

"Mlikuwa mnafurahi," mzee alisema. "Nikaona niwaache. Hamna furaha nyingine."

Hapo watu walicheka, kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Kicheko kile kilikuwa cha mzee peke yake. Bibi Samaki hakuthubutu hata kutabasamu.

Wafadhili hawakukimbia. Walikasirika, wakaandika barua kali, wakataka mtu mwingine asimamie mradi, wakabaki. Bibi Samaki aliondolewa kwenye kiti, akapewa kazi ya wavu wa kupimia na ya kusimamia uvuaji wa kapi waliopita juu. Bosi wake mpya alikuwa kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi mwaka mmoja kabla. Msimu mzima alishinda majini na wavuvi, wakiburuta nyavu kwenye ule mkono wa mto, wakiwatoa kapi mmoja baada ya mwingine kabla hawajayamaliza mayai yaliyokuwa yamebaki kwenye changarawe. Wavuvi walimsalimia. Wakati wa kupumzika walikaa upande mmoja, naye akakaa upande mwingine, na hakujisogeza.

Mzee aliitwa arudi langoni, na alirudi. Hakujifanya mgumu, aliipenda kazi ile. Ila alihama nyumba. Alisema chumba kwa binti yake, wifi wa Bibi Samaki, kiko karibu zaidi na mto, jambo ambalo halikuwa kweli, na hakuna aliyembishia. Siku ya kuhama, Bibi Samaki alimbebea godoro hadi kwenye mkokoteni. Mume wake, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameanza kuongea naye tena juu ya mambo ya mtoto na ya umeme, alimshika baba yake bega kwa muda mrefu pale barabarani, akimwambia kitu ambacho yeye hakukisikia na hakuuliza.

Maji yalipoanza kupungua na kuwa maangavu, alikwenda kwa wifi yake siku moja baada ya kazi. Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi, uso umejaa povu, akinyoa ndevu kwa kioo kidogo kilichoegemezwa kwenye bati. Bibi Samaki alimwamkia, mzee akaitikia. Hakumkaribisha kukaa, wala hakumwambia aondoke, kwa hiyo alibaki amesimama.

"Leo tumepata vifaranga vya mnyapara kule juu," alisema. "Watoto wa wale waliopita kabla hatujafunga." Akameza mate. "Kabla sijakwambia ufunge."

Mzee alivuta wembe shavuni, akausuuza. "Wakubwa kiasi gani?"

Alimwonyesha kwa kidole, kipande cha juu cha kidole cha shahada.

"Wadogo sana hao," mzee alisema.

"Wadogo, baba."

"Watakuwa wanakula nini saa hizi?"

"Wadudu wa majini. Kapi wachanga wakianguliwa, wataanza na hao."

Mzee aligeuza kioo kidogo kufuata jua, akaendelea na shavu la pili. Bibi Samaki alingoja. Alipomaliza, mzee alijifuta povu lililobaki shingoni, akasogea upande mmoja wa ngazi, bila kusema lolote, na nafasi ikapatikana. Bibi Samaki aliketi, lakini hakuegemea.